Jicho la Angani Halioni Mlango wa Kiponda

Wasomaji wangu, leo siasa za Chukwani naziweka pembeni. Nataka tuzungumzie wizi. Si ule wa simu pale Darajani, wala wa nazi shambani. Nazungumzia uporaji wa mali za kale wakati wa vita, na jinsi dunia ya leo inavyoufuatilia kwa picha za setilaiti.

Najua wapo watakaouliza: Zanzibar kuna vita gani? Hakuna, alhamdulillahi. Ndiyo maana nataka tuzungumze sasa, tukiwa tumetulia barazani na kahawa zetu. Na msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyefika mwisho asiseme nimemzungusha: setilaiti ni shahidi, si mlinzi. Na shahidi hana kazi kama hakuna aliyeandika mapema kitu gani kilikuwa wapi.

Tuanze na jirani zetu wa Sudan. Vita vyao vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mapema Juni mwaka huo huo, wapiganaji wa RSF wakaingia Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum. Hiyo ni makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1971, na bustanini mwake yamesimikwa mahekalu ya Buhen na Semna, yaliyong'olewa jiwe kwa jiwe kuokolewa na maji ya bwawa la Aswan. Yaani mali iliyonusurika mafuriko ikaja kukutana na bunduki.

Septemba 2024 UNESCO ikatoa tahadhari kwa dunia nzima, ikawataka wafanyabiashara wa sanaa wasinunue wala kusafirisha vitu vya kale kutoka Sudan. Wakati huo huo vyombo vya habari vya huko vikaripoti kwamba picha za setilaiti zilionyesha malori yaliyobeba mali za makumbusho yakitoka Khartoum kuelekea mipakani, hasa mpaka wa Sudan Kusini. Machi 2025 jeshi likairudisha makumbusho mikononi mwake. Waliofika mwanzo walikuta makabati matupu na vioo vilivyovunjwa. Vilivyobaki kwa wingi ni vile vizito visivyobebeka.

Hebu tafakari kidogo hapo. Kama taarifa zile ni sahihi, malori yalionekana. Yalionekana na yakaenda.

Sasa wengine mtasema, basi teknolojia yenyewe haina maana. Sisemi hivyo. Ina maana kubwa, na ni vizuri tuelewe inavyofanya kazi kabla ya kuilaumu.

Mwizi wa mali za kale aghalabu huchimba shimo. Anachimba haraka, usiku, anatupa udongo pembeni, anahamia hatua chache mbele, anachimba jengine. Ukiwa juu angani shimo hilo ni doa jeusi la kivuli lililozungukwa na duara la udongo mweupe. Yakiwa mengi, ardhi inaonekana kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mtaalamu anachukua picha ya mwaka jana na ya mwaka huu, anaziweka moja juu ya nyengine, anahesabu. Hakuna uchawi hapo. Ni kulinganisha tu.

Kazi hii iliwezekana kwa watu wa kawaida baada ya mwaka 1999, ilipoanza kazi setilaiti ya kibiashara ya IKONOS, iliyoweza kuonyesha kitu chenye ukubwa wa mita moja. Kabla ya hapo picha kali namna hiyo zilikuwa siri za majeshi. Mogadishu ilipoporwa baada ya mwaka 1991, hakukuwa na raia mwenye jicho hilo. Na Mogadishu isituonekee mbali: makumbusho yao ilikuwa ndani ya jumba la Garesa, lililojengwa karne ya 19 chini ya utawala wa Sultani wa Zanzibar. Jumba lenye asili ya kwetu likakombwa vilivyomo, na hakuna aliyeona kutoka juu.

Iraq ilikuwa tofauti. Baada ya uvamizi wa mwaka 2003, mwanaakiolojia Elizabeth Stone wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, alikaa na picha za setilaiti akapima mashimo kusini mwa nchi hiyo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha eneo lililochimbuliwa kupita kiasi lilikuwa kilomita za mraba 15.75. Kwa lugha ya nyumbani: Mji Mkongwe wetu uliosajiliwa UNESCO mwaka 2000 una hekta 96. Kwa hiyo Iraq ya kusini ilichimbuliwa eneo la Miji Mikongwe 16 hivi. Kwa jembe na sururu.

Syria nayo hivyo hivyo. Mji wa kale wa Apamea ulipigwa picha Julai 2011, ardhi ikiwa salama. Ukapigwa tena Aprili 2012, umejaa mashimo kila kona. Miezi tisa tu. Picha hizo mbili zilifanya kazi ambayo ripoti 100 zisingeifanya, maana hakuna serikali wala muasi anayeweza kusema picha imetumwa na adui.

Na mahakamani je? Afrika tunao mfano. Mwaka 2012 makaburi ya mawalii wa Timbuktu yalivunjwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9, na picha za setilaiti zilikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo shahidi huyu anasikilizwa. Lakini tazama alichoshuhudia: yaliyokwisha kuvunjwa.

Sasa tulilete jicho hili hapa Unguja tuone litafanya nini.

Kwanza, historia yetu wenyewe. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walilipiga kasri la Sultani kwa mizinga kutoka baharini. Vita vile havikufika saa moja. Vitabu vinataja dakika 38 hadi 45. Beit al-Hukm ikaharibiwa vibaya, mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa nao, na katika vurugu zilizofuata mitaa ya Wahindi ikaporwa na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Watalii tunawachekesha kwa kuwaambia hivi ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi navitazama kama somo. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake ni za bure, hupita juu ya sehemu moja kila baada ya siku tano hivi. Vita vyetu vingeanza, vikaisha, watu wakazika wafu wao na waporaji wakauza walichoiba, kabla setilaiti haijapita mara ya pili.

Pili, mawingu. Setilaiti za kawaida hupiga picha kama kamera yako; wingu likikaa kati, unapata picha ya wingu. Anayejua masika ya Unguja anajua nasema nini. Zipo setilaiti za rada zinazopenya mawingu, lakini picha za rada zinataka mtaalamu wa kuzisoma, na shimo dogo chini ya mwembe halionekani kirahisi.

Tatu, mwenye jicho. Picha kali zaidi ni mali ya kampuni na serikali za nje. Machi 2025 Marekani iliizuia Ukraine kupata picha za setilaiti za kibiashara kupitia mfumo wake kwa siku kadhaa, katikati ya vita. Ukraine, wasomaji wangu, nchi inayoangaliwa na dunia nzima! Sisi kisiwa tutampigia nani simu?

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi, Mji Mkongwe hauna mashimo ya kuhesabu. Fungua picha za angani za mji wetu uone. Utaona mabati, mengine yana kutu, yamebanana kiasi kwamba vichochoro vyenyewe havionekani. Mali yetu iko chini ya mabati hayo: milango, makasha, misahafu ya kuandikwa kwa mkono, vyombo vya kauri vilivyorithiwa kutoka kwa mabibi.

Mzee mmoja wa Kiponda, ambaye hupita kumsalimu nikitoka kazini, nilimweleza habari hizi zote za Sudan na Iraq. Alinisikiliza hadi mwisho, akapiga funda la kahawa, kisha akaugonga mlango wake wa nakshi kwa fimbo.

"Mwanangu, hiyo setilaiti yenu inauona huu?"

"Hauoni, mzee. Inaona bati tu."

"Basi mwizi wangu mshamwonyesha njia ya kupita."

Sikuwa na jibu. Lakini nikiwa njiani nikaona kwamba mzee yule amezitenganisha aina mbili za uporaji ambazo katika magazeti yetu huwa tunazichanganya.

Kuna mali iliyo ardhini ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hii haina picha, haina namba, haina orodha. Ikichimbwa na kuuzwa, huwezi kuidai kwa kuionyesha picha yake, kwa sababu picha haipo. Ushahidi wako pekee ni shimo: kwamba mwezi fulani ardhi ilikuwa nzima, na mwezi fulani ikawa imechimbwa. Hapo setilaiti haina mbadala.

Halafu kuna mali iliyo juu ya ardhi, ndani ya nyumba, misikiti na makumbusho. Hii setilaiti haikusaidii kitu. Hii inalindwa na daftari na kamera ya kawaida. Interpol wana orodha ya kazi za sanaa zilizoibwa, na tangu mwaka 2021 wana programu ya simu iitwayo ID-Art ambayo mtu yeyote anaweza kutafutia. Lakini haiingii kitu kisichotambulika bila shaka. Huwezi kuwaambia "tumeibiwa mlango mzuri wa Kizanzibari." Watakuuliza: picha iko wapi? Urefu na upana? Alama gani ya pekee?

Unguja tunazo aina zote mbili. Nenda Unguja Ukuu, kusini, karibu na Ghuba ya Menai. Usitarajie magofu kama ya Kilwa. Utaona minazi, nyumba za watu, vipande vya vigae mchangani. Lakini chini yake kuna bandari iliyokuwa ikifanya biashara na Ghuba ya Uajemi na hadi bidhaa za China kuanzia karne ya 7 hivi. Mwanaakiolojia wa kwetu, Abdurahman Juma, alichimba pale na kitabu chake kuhusu mji huo kikatoka Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Kule Kizimkazi, mali haiko ardhini, iko ukutani: maandishi ya msikitini ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Moja inataka jicho la juu, nyengine inataka mtu mwenye kamera na futi.

Kuna atakayesema haya yote ni hofu ya bure, vita viko mbali. Viko mbali kiasi gani? Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ambako jirani zao Wamwani wanasema lugha ambayo sisi tunaisikia nusu yake, ilishambuliwa Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020 na haikukombolewa hadi Agosti 2021. Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hiyo ni Tanzania. Sisemi wanakuja Unguja. Nasema pwani ni moja.

Na hata tukiacha vita, njaa ya pesa inatosha. Sarah Parcak na wenzake walipitia picha za setilaiti za maeneo ya kale ya Misri za kuanzia mwaka 2002 hadi 2013. Wengi tulidhani uporaji ulipamba moto kwa sababu ya mapinduzi ya mwaka 2011. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha ulikwisha kupanda tangu mwaka 2009, baada ya uchumi wa dunia kuyumba. Mapinduzi yalizidisha moto uliokwisha kuwaka. Huku kwetu Bara mnajua habari za watu wanaochimba misingi ya majengo ya zamani wakitafuta "mali za Mjerumani". Je, huyo akiambiwa Unguja Ukuu palipita wafanyabiashara wa dhahabu atangoja vita?

Sasa habari njema, maana sipendi kulalamika tu. Kitu kigumu kuliko vyote, yaani picha ya "kabla", tayari tunacho. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa droni. Vijana wa SUZA walifunzwa kurusha wenyewe. Picha za droni zinaonyesha vitu vya ukubwa wa sentimita chache, kali kuliko setilaiti nyingi, na droni hupita chini ya mawingu. Nchi nyingi zilizoingia vitani hazikuwa na kitu kama hiki. Wataalamu wa Syria na Iraq hulazimika kufukua picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za miaka ya 1960, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995, kutafuta ardhi yao ilivyokuwa zamani.

Mradi ule ulilenga zaidi ardhi, mipango miji na mafuriko. Vizuri. Mimi naomba ziongezwe kazi tatu.

Kwanza, Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ikae na SUZA, kila eneo la kale liwekewe mpaka juu ya picha zile, na maeneo hayo yapigwe upya kila mwaka. Si lazima kisiwa kizima. Unguja Ukuu, Fukuchani, Kisiwa cha Tumbatu, magofu ya Mtoni na Maruhubi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kompyuta nzuri anaweza kulinganisha picha mbili na kusema: hapa palikuwa na nyasi, sasa pana shimo.

Pili, Mji Mkongwe upigwe picha mlango kwa mlango, kwa kipimo cha kimataifa kinachoitwa Object ID, kilichoanza mwaka 1997. Ni fomu fupi: aina ya kitu, mali ghafi, vipimo, maandishi, alama za pekee, picha. Nakala moja ibaki hapa, nyengine ihifadhiwe nje ya kisiwa. Orodha inayoungua pamoja na nyumba haimsaidii mtu. Beit al-Ajaib ilituporomokea tarehe 25 Disemba 2020 ikaua watu wawili, na siku hiyo hakukuwa na mzinga hata mmoja baharini.

Tatu, watu wa vijijini. Picha ikionyesha shimo, nani anakwenda? Sheha apigiwe simu, mlinzi awe na posho na usafiri. Mvuvi anayepita alfajiri ataona boti ngeni ufukweni siku tatu kabla ya setilaiti. Lakini mtu huwezi kumwomba alinde kitu ambacho hujawahi kumweleza thamani yake, na ambacho faida yake inaishia kwenye hoteli.

Nimalizie na jambo la sisi waandishi. Picha hizi zina makali pande zote mbili. Ramani inayomwonyesha mtafiti mahali pa kulinda inamwonyesha mwizi mahali pa kuchimba. Mimi msimamo wangu ni huu: mipaka ya maeneo yasiyo na ulinzi ibaki mikononi mwa Idara na watafiti wanaojulikana, na gazeti lisichapishe alama kamili za mahali, hata kama mhariri anataka ramani ya rangi ukurasa wa mbele. Najua baadhi yenu mnaamini kila taarifa ya umma iwe wazi, na mara nyingi nipo upande wenu. Hapa sipo. Iwe wazi bajeti ya kulinda, iwe wazi idadi ya mashimo yaliyoonekana mwaka huu na hatua zilizochukuliwa. Hayo tuyadai kwa sauti.

Huku tukingoja wakubwa, lipo la kufanya bila kibali cha mtu. Nyumbani kwenu kama kuna mlango wa nakshi, kasha la zamani au msahafu wa mkono, Jumamosi hii chukua simu na futi. Piga picha mbele, nyuma, na pale penye ufa au herufi. Andika urefu, upana, na jina la bibi au babu aliyewaachia. Mtumie nakala ndugu yako aliyeko Dar, Muscat au London.

Nawasilisha.